Aliyechungulia Mwisho

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba, saa ya mapumziko ya mchana, imeshona watu. Bwana mmoja mwenye tai akaanza kubonyeza kila kitufe alichokiona. Mama mmoja mnene akaomba kwa sauti, akatubu hata madhambi ambayo hakuna aliyemuuliza. Lakini aliyepiga ukelele kuliko wote alikuwa dada mmoja kwenye kona, gauni la kijani, mkanda mweupe kiunoni, waya za simu masikioni.

"Jamani, si sasa! Si sasa hivi!"

Watu wakamwonea huruma, wakidhani hofu imempanda kichwani. Hofu? Thubutu! Dada huyu alikuwa anaangalia marudio ya *Mlango wa Nyuma*, tamthilia ya kila Alhamisi jioni, iliyompita wiki ile kwa sababu umeme ulikatika mtaani kwao. Muuaji alikuwa ameketi gizani, kamera inamzunguka taratibu, anavua glovu. Mtandao ukakata hapo hapo, glovu ikabaki nusu.

Spika ndogo juu ya vitufe ikakohoa. "Habari zenu humo ndani. Mimi ni fundi wa lifti. Msijaribu kufungua mlango, nakuja kuwatoa. Kuna anayejisikia vibaya?"

"Mimi!" akasema yule dada.

"Pole, dada yangu. Unajisikiaje?"

"Roho juu juu! Muuaji anavua glovu na mtandao umekata!"

Spika ikakwaruza. "Muuaji yuko humo ndani na nyinyi?"

Watu wakacheka, hata mama wa toba. "Yuko kwenye *Mlango wa Nyuma*, kaka! Fanya haraka bwana!"

"Aaa," spika ikasema, na sauti yake ikalainika. "Glovu ya kushoto?"

"Ya kushoto."

"Basi vuta pumzi. Hutajuta kusubiri."

Alipowafungulia, walimwona kijana mrefu mwembamba, ovaroli la buluu, grisi mpaka kwenye nyusi. Akawavuta mmoja mmoja kwa mkono. Alipofika kwa mwenye gauni la kijani, mkono ule ulichelewa kuachia.

"Wewe ndiye wa glovu."

"Na wewe ndiye wa kunikatia uhondo."

"Nisamehe. Nikulipe kwa soda?"

"Nirudishie mtandao kwanza," akamwambia, akaondoka mbio na kifurushi chake cha miwani, maana alikuwa kazini. Lakini alitabasamu ghorofa zote alizoshuka kwa ngazi, kwa kuwa lifti hakutaka tena kuiona.

Kazi yake ilikuwa katika duka la miwani, barabara ya pili kutoka pale. Alisaga lenzi, alizikaza kwenye fremu, aliwavisha wateja na kunyoosha mikono ya miwani mpaka itulie nyuma ya masikio. Wenzake walimwita Inspekta. Jina lilimfaa. Hakuna aliyechelewa kazini akamdanganya kuwa kulikuwa na foleni, na Ijumaa asubuhi hakuna lenzi iliyosagwa mpaka aeleze nani anashukiwa na kwa nini.

Kesho yake, nani kaingia? Fundi, ovaroli limefuliwa, uso umesuguliwa mpaka unang'aa.

"Macho yangu hayaoni vizuri," akasema.

Inspekta akamketisha mbele ya ubao wa herufi. Fundi akasoma zote, mpaka jina la kiwanda lililoandikwa chini kabisa kwa herufi za mchwa.

"Macho haya yanaona hata yasiyowahusu," Inspekta akasema. "Ugonjwa wako ni nini hasa?"

"Ule wa kutaka kujua kama dada wa glovu ana mtu."

"Ha! Na ukijua?"

"Nitalala."

"Basi usilale," akamjibu. Lakini namba ya simu alimpa.

Damu zao zilipatana. Jioni simu ilikuwa sikioni mpaka inapata moto. "Umekula, Inspekta wangu?" "Nimekula, Fundi. Umenawa mikono?" "Nimenawa, nusu." "Nusu ipi?" "Ile itakayokushika." "Mwone! Kata simu." Hakuna aliyekata.

Haikupita muda, Fundi akapata kiti cha Alhamisi. Inspekta aliishi na shangazi yake, mwalimu mstaafu aliyemlea tangu utotoni, mwanamke wa kicheko kikubwa na presha ya kupanda na kushuka. Sebule ilikuwa na sofa moja refu, na sofa lile lilikuwa na sheria. Tamthilia ikianza, simu zinazimwa. Hakuna kwenda chooni. Hakuna kuuliza "huyu ni nani tena?" Na sheria kubwa kuliko zote: marufuku kuangalia mbele. Siku hizi kulikuwa na programu ya simu ambayo ukilipia unapata kila sehemu siku kadhaa kabla haijaonyeshwa kwenye televisheni. Inspekta aliichukia programu hiyo kama kidonda.

"Mtu anayechungulia mwisho," alisema, "ni mtu wa kuchungulia na mikoba ya watu."

Fundi aliitikia. Shangazi naye aliitikia, tena kwa haraka.

Mnapaswa kujua kwa nini Inspekta alikuwa mkali hivyo. Kabla ya Fundi alikuwapo mwingine. Gauni la harusi lilikuwa limeshakatwa, liko kwa mshonaji, yeye anakwenda kujaribu, anageuka mbele ya kioo, anacheka. Siku ile ile mchumba wake alikuwa amekwisha kuhamia kwa mwanamke mwingine. Mshonaji alijua. Majirani walijua. Shangazi alijua, akakosa ujasiri wa kusema. Wote walimtazama akigeuka mbele ya kioo, wakanyamaza. Kuachwa kulimuuma. Kuwa wa mwisho kujua kulimuuma zaidi, na aliapa halitampata tena. Ndiyo maana aliipenda *Mlango wa Nyuma*. Mule ndani kila mtu alificha kitu, lakini yeye na inspekta wa polisi wa tamthilia ile walianza kutojua pamoja, hatua kwa hatua, na hakuna aliyewacheka.

Na Fundi alimpenda. Wala msidhani hakumpenda.

Alhamisi moja walikuwa kwenye sofa, Shangazi katikati na sinia la chai mapajani, Fundi kulia, Inspekta kushoto na bakuli la karanga. Kwenye televisheni, mjane alikuwa jikoni peke yake, anaosha vyombo, anaimba polepole. Hakuna muziki wa kutisha. Hakuna kivuli dirishani. Jikoni tu, na maji yanatiririka. Hapo Fundi akanyoosha mkono, akalinyanyua lile sinia kutoka mapajani kwa Shangazi, akaliweka sakafuni taratibu.

Kisha mlango ukavunjwa. *Paa!* Shangazi akaruka, miguu juu, mikono juu. Chai ile ingekuwa mapajani angeungua vibaya.

Karanga zikamkauka Inspekta mdomoni. Machale yakamcheza. Hakuangalia tena televisheni. Alimwangalia Fundi, aliyekuwa anahema na kujifuta jasho kama mtu aliyeshtuka kweli, na akajiambia: huyu alijua.

Inspekta hasemi mapema. Lakini usiku ule usingizi ulimpaa, na kichwa kikaanza kusaga. Alijua kwa sababu ameangalia. Ameangalia na nani? Mtu haangalii kitu cha kutisha hivyo peke yake, hasa Fundi, ambaye paka akiruka dirishani humshika mtu mkono. Yupo mtu. Lipo sofa lingine.

Wiki nzima hakutulia. Alikata lenzi za bwana mmoja kwa fremu ya mtu mwingine, jambo ambalo halijawahi kumtokea. Jumatano mchana akampigia.

"Mpenzi, uko wapi?"

"Kazini, laazizi. Niko chini kabisa, kwenye shimo la lifti."

Nyuma ya sauti yake vinanda vikalia, vile vitatu vya *Mlango wa Nyuma*, vinapanda, vinapanda, vinakatika.

"Nini hiyo?"

"Ah... redio ya mlinzi."

Kisha mnong'ono wa mwanamke, umebanwa: "Nyamaza, nyamaza, anatoka!"

Simu ikakatika. Inspekta akasimama katikati ya duka, fremu ya mteja mkononi. Akavua koti jeupe la kazi, akamwambia bosi wake ana dharura, akaenda kule kwenye jengo la lifti. Mlinzi, mzee mwenye adabu zake, alimwambia bila kujua anachokisema.

"Fundi? Fundi Jumatano mchana hayupo, binti yangu. Huenda kwa mtu wake."

"Mtu wake?"

"Ndivyo anavyosema. Hubeba na biskuti."

Biskuti! Inspekta alirudi barabarani hajui anakanyaga wapi. Gari likampigia honi, hakusikia. Alitaka jambo moja tu, kufika nyumbani, kuweka kichwa mapajani kwa Shangazi na kulia mpaka machozi yaishe. Alipanda ngazi akijikaza. Akafika mlangoni.

Pale kwenye kizingiti palikuwa na viatu, jozi kubwa ya ngozi nyeusi, ncha zimetapakaa grisi.

Alivitazama. Akili ilikataa kuvitambua. Ndani, vinanda vikapanda.

"Mwambie asifungue, mwanangu, mwambie asifungue!" Ilikuwa sauti ya Shangazi.

"Hamuui, Shangazi, usiogope. Huyu leo anapona."

"Una hakika? Presha yangu mimi!"

"Nimeangalia hii yote jana. Kula biskuti." Kisha sauti ya Fundi ikashuka. "Shangazi, na lile langu? Nikimwomba anioe... yaani nikimwomba nimuoe, atasemaje?"

"We mtoto una wasiwasi! Nimekwisha kumchungulia. Juzi nilimtania kuhusu harusi, akacheka kile kicheko chake cha kukubali. Hutakataliwa. Mwombe tu."

Inspekta akasukuma mlango. Hakuna tamthilia iliyowahi kupata mlango kama ule. Fundi akapiga yowe na biskuti zikaruka. Shangazi akashika kifua.

"Kumbe," Inspekta akasema. Alidhani atapiga kelele, lakini sauti ilitoka ndogo. "Kumbe sofa lingine ni hili hili."

"Mpenzi, nikueleze..."

"Unieleze nini ambacho Shangazi hajakuchungulilia? Nyinyi mmeshafika kwenye ndiyo yangu. Mimi ndiye nilikuwa nyuma, nasubiri Alhamisi."

"Mwanangu, ni presha tu," Shangazi akaanza. "Nilimwomba mimi aniambie nani anakufa, moyo usinipasuke. Tukazoea."

"Na yule wa kwanza, Shangazi? Naye ilikuwa presha? Ulinitazama nikijaribu gauni!"

Machozi yakamjaa Shangazi. Fundi alikuwa amesimama na soksi zake, mikono imening'inia.

"Mimi naogopa," akasema. "Sina sababu kubwa, mpenzi. Wengine wanaogopa panya. Mimi naogopa kutojua. Kitabu naanza nyuma. Nikipimwa malaria nakaa nje ya maabara natetemeka. Na wewe... wewe nikakuogopa kuliko vyote, nikaona aibu kukwambia."

"Ulikuwa unanitazama nikiruka kwa hofu, na wewe unajua."

"Nilikuwa napenda kukutazama."

"Hata mshonaji alipenda kunitazama," Inspekta akasema. "Vaa viatu vyako."

Akavaa. Cha kushoto alikitia mguu wa kulia, akavibadilisha, akaondoka.

Siku zilizofuata hazikuwa siku. Fundi alipiga, Inspekta hakupokea. Aliandika, akasomwa, hakujibiwa. Nyumbani yeye na Shangazi walisalimiana kama wapangaji. Shikamoo. Marahaba. Chai ipo. Asante. Mpaka jioni moja Shangazi akamfuata jikoni, akasimama nyuma yake.

"Nilikuficha la yule wa kwanza nikidhani nakuhurumia," akasema. "Nilikuwa najihurumia mimi, sikutaka kuona uso wako ukijua. Na hili la pili nimekosea tena. Nisamehe, mama. Sitatia mkono tena katika yako, hata nikiona unaanguka shimoni."

"Nikianguka shimoni sema, Shangazi."

"Ee, shimoni nitasema."

Wakacheka, wakalia, wakakumbatiana na mikono ya unga. Lakini moyo haukutulia. Alhamisi ya wiki iliyofuata ikafika, Inspekta akakaa kwenye sofa, mlango ukavunjwa, mtu akachomwa kisu, naye hakusikia chochote. Hakukuwa na mtu wa kutetemeka pembeni yake. Aligundua kuwa nusu ya uhondo ilikuwa ni ule mkono wa Fundi unaomkamata, hata kama ulikuwa unajua. Tangazo la biashara lilipoingia, akavunja sheria yake mwenyewe, akawasha simu, akampigia Fundi.

"Haloo?" Sauti ilikuwa ya mtu asiyeamini.

"Umeiangalia ya leo?"

"Naiangalia sasa, kwa mlinzi. Programu nimeifuta. Naangalia kupitia vidole."

"Muongo wewe."

"Muulize mlinzi. Nimemkalia karibu mpaka amehama kiti." Akanong'ona. "Mpenzi, yule mjane atapona?"

"Sijui."

"Hata kidogo?"

"Sijui, Fundi!" akasema, akakata. Akajikuta anacheka peke yake, na kucheka kukamuudhi, maana alikuwa bado ana hasira.

Alhamisi ya sehemu ya mwisho mji mzima ulikuwa hautulii. Safari hii hata wenye programu hawakupata mbele, kwani ilitangazwa kuwa itaonyeshwa kote kwa wakati mmoja. Wateja waliondoka dukani mapema. Wenzake Inspekta waliondoka. Alibaki yeye na bibi mmoja aliyekuja kuchukua miwani yake ya kwanza maishani, naye alikuwa anahimiza, "Fanya upesi, mwanangu, na mimi nawahi kule kule."

Mlango ukafunguliwa. Fundi. Hakuvaa ovaroli. Alivaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, ilionekana, mikunjo miwili mikubwa mgongoni, na kola imekabwa mpaka juu. Kijasho chembamba kilimtoka.

"Nimekuja kukuuliza neno," akasema, akamwona bibi, akamwamkia, kisha akasema kabla ujasiri haujamtoroka: "Nataka nikuoe. Utakubali?"

Bibi akageuka na kiti kizima.

"Shangazi amekutuma?" Inspekta akauliza.

"Hajui niko hapa. Hakuna anayejua. Nimeiacha simu nyumbani nisije nikampigia."

"Na wewe unadhani nitajibu nini?"

"Sijui." Akalegeza kola. "Nimekisia tangu asubuhi. Nikiwaza ndiyo nafurahi, nikiwaza hapana natapika. Sijui, mpenzi."

Inspekta akamtazama. Watu wote waliowahi kumtazama kwa huruma, mshonaji, majirani, Shangazi, walikuwa wameshika habari zake mfukoni. Huyu hapa alikuwa hana chochote mfukoni. Hajui lolote zaidi yake. Hasira ikaanza kumlegea, naye akaishika kwa lazima, kwa sababu swali lake lenyewe lilikuwa bado.

"Yule wa kwanza aliniacha gauni likiwa kwa mshonaji. Nitajuaje wewe hutaniacha?"

Mwanamume mwingine angeapa kwa mbingu na ardhi. Fundi akatikisa kichwa.

"Hutajua," akasema. "Pangekuwa na mahali pa kuchungulia, ningekwenda nikachungulia, nije nikwambie. Hapapo. Nakupenda, na naogopa mpaka magoti. Hayo ndiyo ninayoyajua."

"Kaa pale."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, magoti yamebana. Inspekta akamgeukia bibi, akamvisha miwani, akaivua, akaupasha moto mkono wake wa kushoto, akaupinda kidogo, akamvisha tena.

"Inabana nyuma ya sikio?"

"Haibani. Mwanangu, kijana anazimia."

"Geuza uso kulia, bibi."

"Haibani, nimesema! Leo ndiyo nimepata macho, na kitu cha kwanza unanionyesha mtu anateswa. Mjibu mwenzio!"

Inspekta aliinama akijifanya kutafuta kitambaa, maana uso ulikuwa unamsaliti. Siku zote alidhani anaipenda roho juu. Kwenye sofa, na karanga, aliipenda. Hapa hakuitaka. Neno lilikuwa limeshafika kinywani, na alijua likitoka hakuna atakayemwambia linakwenda kuishia wapi, si Shangazi, si Fundi, wala yeye. Mkono wake uliokuwa unatafuta kitambaa ulisimama.

"Ndiyo," akasema.

"Umesema?" Fundi alikuwa amesimama.

"Nimesema ndiyo. Na marudio hakuna."

Fundi akakaa tena, akafunika uso kwa viganja viwili, akalia, mwanamume mzima na shati lake la mikunjo. Bibi akapiga vigelegele. Kisha akakumbuka saa, akanyakua mkoba wake, akatoka mbio na miwani mipya, akigonga mlango kwa bega.

Inspekta akazunguka meza, akaketi kwenye kiti cha pembeni. Nje, kutoka kila dirisha la barabara ile, vinanda vikaanza kupanda. Hakuna aliyesogea.

"Bado unaogopa?" akamuuliza.

"Zaidi ya mwanzo."

"Hata mimi," akasema Inspekta, akamshika mkono.